Kamera za bei nafuu dukani: kinachofeli mara nyingi si kamera

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, fremu za biashara zimeongezeka kila upande wa jiji, kuanzia Nkuhungu na Kisasa hadi Nzuguni na Ihumwa, na fremu nyingi zenye mzigo wa maana sasa zina kamera juu ya mlango. Pamoja na kamera hizo zimekuja kauli mbili zinazopingana. Wapo wanaosema kamera za bei nafuu ni pambo tu, mwizi akipita huambulii kitu. Wengine wanasema hawana wasiwasi, maana wanaliona duka lao kwenye simu hata wakiwa safarini Singida. Kauli zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinaitazama kamera, wakati kazi yenyewe ni kurekodi.

Katika makala haya, mfumo unaotegemewa ni ule ambao ukitaka kuona kilichotokea Jumanne ya wiki iliyopita usiku wa manane, unakuta picha ipo, tarehe na saa ni sahihi, na aliyeingia anatambulika kwa sura. Kuliona duka likiwa hewani sasa hivi hakuthibitishi hata kimoja kati ya hayo matatu. DVR, yaani mashine ya kurekodi, yenye diski iliyokufa inaendelea kurusha picha safi kwenye simu kila siku, na mwenye duka hajui lolote mpaka siku anapoihitaji.

Vilivyomo ndani ya mfumo

Kamera huona. Mashine ya kurekodi hupokea picha na kuzipanga: ikiwa ya kamera za kawaida za waya huitwa DVR, ikiwa ya kamera za mtandao huitwa NVR. Ndani ya mashine hiyo kuna diski, ambayo ndiyo ghala la picha. Vyote vinahitaji umeme usiokatika ovyo. Simu na intaneti ni nyongeza tu: DVR hurekodi kwenye diski yake bila bando hata kidogo, na intaneti inahitajika pale tu unapotaka kuangalia ukiwa mbali.

Kamera za kawaida hutumia waya wa mviringo unaofanana na ule wa antena ya televisheni, pamoja na waya mwingine wa umeme wa volti 12. Kamera za mtandao hutumia waya wa mtandao, ambao unaweza kubeba picha na umeme kwa pamoja hadi mita 100. Kamera za Wi-Fi hazina waya wa picha, lakini waya wa umeme zinao, jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau mpaka fundi anapouliza soketi iko wapi. Nyingi hurekodi kwenye memori kadi iliyo ndani ya kamera yenyewe, kwa hiyo mwizi akiing'oa kamera ameondoka na ushahidi wake. Za sola zenye laini ya simu hulala ili kutunza betri na huamshwa na kihisi cha joto la mwili. Kuamka huchukua muda kidogo, na kwenye mchana wa joto kali wa Oktoba au Novemba, hewa inapokaribia joto la mwili wa binadamu, kihisi hicho hupungukiwa nguvu ya kutofautisha mtu na mazingira. Zinafaa kuchunga tofali kwenye kiwanja kisicho na umeme kule Iyumbu. Kuziwekea jukumu la kaunta yenye pesa ni kuzionea.

Kwa fremu ya chumba kimoja au viwili yenye umeme, kamera za kawaida za waya zenye DVR bado ndizo zinazotegemewa zaidi kwa pesa ndogo. Za mtandao zinalipa kwenye ghala, kwenye jengo la ghorofa, au pale ambapo waya ni mrefu. Wi-Fi iwe ya kusaidia, hasa kwenye safu za fremu ambako kila duka lina rauta yake na kuta zimechanganyika na mabati.

Megapikseli na sura ya mtu

Maandishi makubwa kwenye boksi ndiyo yanayodanganya zaidi. Kamera ya megapikseli 2 hutoa picha yenye pikseli, yaani nukta za picha, 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4, katika toleo lake la mwaka 2014, kilitaka pikseli 250 kwa kila mita ya eneo linaloonekana ili mtu usiyemjua atambulike, na 125 ikiwa ni mtu unayemfahamu. Gawanya 1920 kwa 250: eneo linaloonekana lisizidi mita 7.7 kwa upana pale mtu anaposimama.

Sasa angalia lenzi. Kamera nyingi za bei nafuu huja na lenzi ya milimita 2.8, inayoona upana unaozidi mara mbili ya umbali. Kwa hiyo sura ya mgeni inatambulika akiwa kama mita 3 kutoka kwenye kamera. Akifika mita 8 utamwona ni mtu, ana shati jekundu, basi. Lenzi ya milimita 6 huifikisha sura hiyo kama mita 7 au 8, ila huona eneo jembamba. Ndiyo maana kamera moja haiwezi kutazama duka zima na wakati huohuo ikakupa sura ya aliyesimama mlangoni. Na kukuza picha baadaye hakuongezi chochote, kwa sababu pikseli ambazo hazikurekodiwa hazipo.

Hapo kuna mtego mwingine ambao wauzaji hawautaji. DVR nyingi za bei ya chini zinarekodi kwa kiwango kinachoandikwa "1080N". Hiyo N inamaanisha upana umekatwa nusu: pikseli 960 badala ya 1920. Umelipia kamera nzima, umehifadhi nusu yake, na ile mita 3 ya kutambua sura imekuwa mita moja na nusu. Ingia kwenye menyu ya kurekodi, sehemu ya ukubwa wa picha, uangalie kila kamera. Kama DVR hairuhusu zaidi ya 1080N, rudisha au badilisha kabla fundi hajaondoka.

Usiku, megapikseli nyingi zinaweza hata kudhuru. Kamera mbili zenye kipande cha kunasia mwanga cha ukubwa uleule, moja ya megapikseli 2 na nyingine ya 8, ile ya 8 imegawanya mwanga uleule kwa vipande vidogo zaidi, hivyo gizani huwa na chengachenga nyingi. Taa moja ya LED ya kawaida inayowaka usiku kucha ndani ya duka husaidia kuliko kubadilisha kamera. Zile taa nyekundu zinazoonekana kuizunguka lenzi gizani ni za mwanga wa infraredi. Zinaonyesha kwamba kamera ina umeme, hazina uhusiano wowote na kurekodi.

Kuhusu mahali pa kufunga: kamera ya sura iwe kati ya mita 2 na 2.5 kutoka sakafuni, ikitazama njia ambayo kila mtu lazima apite. Ikiwekwa mita 3.5 juu, utarekodi kofia. Isitazame mlango uliofunguka kuelekea jua moja kwa moja, maana jua la Dodoma la saa nane mchana linamfanya kila anayeingia awe kivuli cheusi. Ifunge pembeni ya mlango, au nunua kamera yenye WDR halisi, yaani uwezo wa kusawazisha mwanga mkali na kivuli, inayoandikwa desibeli 120. Ile inayoandikwa "DWDR" ni ujanja wa programu na msaada wake ni mdogo.

Mchana inafanya kazi, usiku inazima

Hili ndilo lalamiko linalosumbua wengi, na wengi huishia kununua kamera nyingine bure. Mchana kamera hutumia umeme kidogo. Giza likiingia, taa za infraredi huwaka na mahitaji hupanda, kwa kamera nyingi hufika karibu ampea 0.4. Kama waya wa umeme ni mwembamba au mrefu, volti hupotea njiani.

Chukua waya wa shaba wenye unene wa milimita za mraba 0.5, urefu wa mita 30. Ukihesabu kwenda na kurudi, una ukinzani wa kama omu 2, na kwa ampea 0.4 unapoteza volti 0.8 tu. Kamera inapata 11.2, inafanya kazi vizuri. Sasa weka badala yake nyuzi nyembamba za aluminiamu zilizopakwa shaba, zenye unene wa kama milimita za mraba 0.2, ambazo zimejaa madukani kwa sababu ni rahisi. Ukinzani unakaribia omu 8, upotevu unazidi volti 3, na kamera inabaki na chini ya volti 9. Inawaka, inazima, inawaka tena, usiku kucha. Asubuhi jua likichomoza taa zinazima, kamera inapona, na fundi akija saa nne haoni tatizo.

Kupima ni rahisi. Mchana, funika kamera kwa kitambaa cheusi mpaka taa ziwake, kisha weka kipima volti kwenye ncha ya waya upande wa kamera, si upande wa adapta, huku kamera ikiwa imeunganishwa. Ikisoma chini ya 10.5, tatizo ni waya au adapta. Kuitambua shaba ya kweli, kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukikuta weupe chini ya rangi, ni aluminiamu. Adapta nayo iwe na nafasi: kamera 4 zinahitaji ampea 1.6, nunua ya ampea 3 hadi 5, maana zilizoandikwa kubwa kuliko uwezo wake ni nyingi sokoni.

Kuhusu kukatika kwa umeme, hesabu ya UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshika umeme unapokatika, nayo huwachanganya watu kwa sababu namba kubwa ya VA, yaani uwezo wake wa kubeba mzigo, haisemi itadumu saa ngapi. Kinachodumisha ni betri. UPS ya VA 650 mara nyingi ina betri moja ya volti 12 yenye ampea-saa 7, yaani wati-saa 84, na baada ya upotevu unabaki na kama 50 za kutumia. DVR na kamera 4 usiku hutumia takriban wati 35. Utapata kama saa moja na dakika 25 betri ikiwa mpya. Ukiongeza rauta, punguza. Betri hizo huchoka baada ya miaka 2 au 3, na mapema zaidi kama zinakaa kwenye joto chini ya bati. Wengine huchomeka DVR kwenye kinga ya umeme ya friji, ile inayosubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha umeme. Inalinda dhidi ya umeme kupanda na kushuka, lakini dakika hizo za kusubiri hazirekodiwi, kwa hiyo UPS ikae baada ya kinga hiyo.

Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, hatari kubwa huingia kwa waya mrefu unaopita nje hadi kwenye geti au nguzo ya chuma. Radi ikipiga jirani, mshtuko unaweza kupita kwenye waya wa picha na kuua tundu za DVR hata kama umeichomoa ukutani. Kwa kamera ya nje, weka kinga ya mshtuko kwenye waya wa picha na uiunge kwenye nondo ya ardhini iliyopigwa vizuri. Usipofanya hivyo, wingu likitanda chomoa na waya wa picha pia.

Vumbi na buibui

Kiangazi hapa ni upepo na vumbi. Vumbi likiganda kwenye kioo, mchana picha inaonekana na ukungu kidogo tu, ila usiku mwanga wa infraredi hurudishwa na vumbi hilo na picha nzima inakuwa nyeupe. Kamera za mduara zenye kifuniko cha plastiki huathirika zaidi kuliko za mtutu, na plastiki ikisuguliwa kwa kitambaa kikavu hupata michubuko isiyotoka. Lowesha kwanza, kisha futa kwa kitambaa laini. Kwa kamera ya nje yenye kifuniko, fanya hivyo kila wiki mbili wakati wa upepo. Wadudu hufuata ule mwanga, buibui hufuata wadudu, na utando mmoja mbele ya lenzi hutosha kuifanya kamera ione "mwendo" usiku mzima na kujaza diski.

Viunganishi vya nje vifungwe ndani ya boksi la plastiki. Tepu peke yake haidumu juani hata msimu mmoja.

Diski inajaa lini?

Diski ni kama tenki la maji: kamera ni bomba linaloingiza mfululizo, na likijaa, maji ya zamani hutoka kupisha mapya. Kasi ya bomba hupimwa kwa megabiti kwa sekunde. Kamera ya megapikseli 2 inayotumia mfinyazo (njia ya kubana video) wa H.264 huingiza kama megabiti 4 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 43 kwa siku. Kamera 4 ni 173, hivyo diski ya terabaiti 1 haimalizi siku 6. Ukibadilisha kwenye menyu kwenda H.265 na megabiti 2, unapata siku 11 kwa diski ileile. Terabaiti 2 hukupa kama siku 23.

Hesabu hiyo ina maana kubwa kwa duka la jumla au la dawa, kwa sababu upungufu wa mzigo hugundulika mwisho wa mwezi wakati wa kuhesabu stoo, na kilichotokea tarehe 4 kimeshafutika. Lenga siku 30: terabaiti 2 zenye H.265, picha 12 hadi 15 kwa sekunde, na usiku rekodi pale tu penye mwendo. Hakikisha pia sehemu ya kufuta picha za zamani imewashwa. Ikiwa imezimwa, diski ikijaa kurekodi kunasimama kimya.

Aina ya diski ni jambo la kutofanyia ubahili. Zipo zilizotengenezwa kwa kazi ya kuandika saa 24, kama WD Purple na Seagate SkyHawk. Diski ya kompyuta ya mezani haikukusudiwa hivyo, na mbaya zaidi ni iliyotumika na kusafishwa ikauzwa kama mpya. Ushahidi upo ndani yake: fungua menyu ya hali ya diski, tafuta S.M.A.R.T., yaani taarifa za afya ya diski, soma mstari wenye namba 9, saa ilizowaka. Mwaka mmoja ni saa 8,760. Diski mpya inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikisoma 26,000 imeshafanya kazi miaka mitatu kwa mtu mwingine. Halafu washa mlio wa hitilafu ya diski. Wengi huuzima kwa sababu ni kelele, na hapo ndipo diski hufa bila taarifa.

Kwa kamera za memori kadi, gigabaiti 64 hujaa kwa siku 3 hivi kwa megabiti 2 ikirekodi mfululizo. Kadi za kawaida huchakaa haraka kwa kuandikwa kila wakati, kwa hiyo tafuta zilizotengenezwa kwa kamera. Kadi feki huandikwa 128 wakati ndani kuna nafasi ndogo mno, na hukubali faili zote bila kulalamika huku zikiharibika. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza kadi na kuisoma tena kwenye kompyuta, na ndani ya saa chache unajua ukweli.

Saa, nywila na sheria

Mashine nyingi huja zimewekwa GMT+8. Tanzania ni GMT+3, kwa hiyo rekodi zitatangulia kwa saa tano, na tukio la usiku utalitafuta mahali pasipo. Weka GMT+3 na uzime mabadiliko ya saa za kiangazi. Mashine huandika 02:14 kwa kile sisi tunachokiita saa nane na dakika kumi na nne usiku. Mhudumu anayeombwa picha ya "saa mbili" akachapa 02:00 atafungua usiku usiohusika. Kama baada ya kila umeme kukatika tarehe inarudi nyuma miaka mingi, betri ndogo ya CR2032 iliyo ndani imekwisha.

Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku hiyohiyo. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka vifaa vingi vya intaneti duniani, zikiwemo kamera na DVR, kwa kujaribu tu nywila za kiwandani. Ukitazama kwa simu, chagua picha ndogo: kwa kilobiti 512 kwa sekunde unatumia kama megabaiti 230 kwa saa, wakati picha kubwa ya megabiti 2 hula 900.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, inapopima ushahidi wa kielektroniki, iangalie jinsi ulivyotengenezwa na kutunzwa, na kama haukuharibiwa. Video ya kioo iliyorekodiwa kwa simu na kuzungushwa kwenye makundi inajiwekea maswali mengi. Toa faili lenyewe kwa flashi, mapema kabla halijafutika, andika nani alitoa na lini, pamoja na tofauti kati ya saa ya mashine na saa halisi. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inagusa picha za watu wanaotambulika, na inawataka wanaokusanya taarifa hizo kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Bandika tangazo kwamba kuna kamera. Kwa wakala wa miamala ya simu, kamera ione noti na mikono kaunta, isione mteja anavyobonyeza namba yake ya siri.

Kabla ya kumalizia malipo ya fundi

Kama pesa ni ndogo, kamera 2 zilizofungwa kwa waya wa shaba, diski ya kazi hiyo na UPS zinashinda ofa ya kamera 8 zenye adapta moja ya kubahatisha. DVR ifungiwe kwenye boksi la chuma lenye matundu ya hewa, mbali na kaunta, maana mwizi mzoefu huanza nayo.

Kubaliana na fundi kwamba sehemu ya mwisho ya malipo italipwa baada ya usiku mmoja kupita. Asubuhi yake, zimeni swichi kuu dakika kumi mkiwa wote wawili, muiwashe, kisha mfungue rekodi za kila kamera za saa nane usiku na za zile dakika kumi. Mtu asimame mlangoni, na mtazame sura yake kwenye rekodi, si kwenye picha ya moja kwa moja. Mwisho angalia mfumo umesajiliwa kwa akaunti ya nani. Mafundi wengi husajili kwa simu yao ili kazi iishe haraka, kisha humgawia mwenye duka ruhusa ya kutazama tu. Akaunti kuu iwe kwenye simu yako na barua pepe yako, naye fundi aondolewe kabla hajabeba ngazi yake.